Kodi ya giaboksi inafutwa Jumatatu, Ijumaa imerudi: je, ninunue giaboksi nyingine?

Swali limeletwa na kijana wa Maweni, hapa Malindi. Nimelipunguza kidogo, lakini maneno ni yake:

"Shikamoo fundi. Nina kigari cha mizigo cha cc 660 kutoka Japani, giaboksi automatiki ya gia 5, haina P ya kuegesha. Alfajiri napakia samaki Ngomeni, nawateremsha Malindi mjini na Watamu. Mwezi wa tatu sasa, taa ya giaboksi inawaka njiani, herufi ya gia inawaka na kuzimika, gari linabaki nyutro, halitaki kuingia gia. Mara nyingi ni wakati narudi na mzigo, kabla hakujapambazuka vizuri. Nikizima nikangoja kama dakika kumi, linakubali. Fundi wa kwanza amefuta kodi, ile namba ya kosa, kwa kompyuta mara nne, kila mara shilingi 1,500. Inatulia siku tatu nne, halafu inarudi. Fundi wa pili anasema giaboksi imekufa, ninunue ya mtumba Mombasa kwa 85,000. Nimeshaanza kukopa. Je, ninunue?"

Marahaba, mwanangu. Usinunue. Na ulichokopa, kama hujakitumia, kirudishe. Barua yako ina mashahidi watatu wanaoitetea hiyo giaboksi, nawe umewaandika bila kujua: gari likipumzika dakika kumi linakubali, ugonjwa unakuja wakati taa kubwa zinawaka, na wewe ni mtu wa samaki.

Jino la gia likikatika limekatika. Halipumziki likaota tena. Chuma kibovu kinakataa asubuhi, mchana na usiku, kina mzigo au hakina. Kinachokuja na kuondoka kama homa ya vipindi, mara nyingi ni umeme, au presha, au sensa inayosema uongo mara moja moja.

Kwanza tukubaliane juu ya jina, maana jina ndilo linalowapoteza mafundi. Gari lako kila mtu ataliita automatiki kwa kuwa halina pedali ya klachi. Lakini ndani ya hiyo giaboksi mna mambo yaleyale ya manyuali: shafti, meno, uma wa kuhamishia gia, na mbele yake klachi kavu ya sahani moja kama ya pikapu yoyote. Kilichoongezwa ni mikono. Pale ambapo mguu wako ungekanyaga klachi na mkono ungesukuma gia, pamewekwa pampu ndogo ya umeme inayosukuma oili, vali zinazofunguliwa kwa umeme, sensa za kutazama klachi iko wapi na gia iko wapi, na kompyuta inayotoa amri. Ndiyo maana haina P. Ndiyo maana pia linapotoka gia ya kwanza kwenda ya pili unalihisi linainamisha kichwa kidogo, kama mzee anayesinzia barazani. Hiyo ni manyuali yenye mikono ya umeme, si automatiki ile inayoogelea kwenye ATF, oili ya automatiki, wala ile ya mkanda. Fundi akikwambia atakumwagia ATF "kwa sababu ni automatiki", mwambie ahsante, chukua funguo, ondoka.

Basi gia ikikataa, swali langu huwa ni hili: aliyegoma ni mwili au ni mikono? Na kama ni mikono, imeumia, au ina njaa tu? Fundi wako wa pili ameruka moja kwa moja kwenye mwili. Huenda hata mwenyewe anaamini asemayo, simlaumu. Mimi pia nimepita hapo, nitakueleza.

Tuje kwenye kodi. (Ya kompyuta, si ile ya serikali, ingawa zote mbili zina tabia ya kurudi.) Kidude kidogo cha Bluetooth ambacho kila gereji inacho siku hizi mara nyingi husoma kompyuta ya injini tu. Kikikuonyesha P0700, maana yake ni moja: kompyuta ya giaboksi imemwambia mwenzake wa injini, "mimi nina neno, njooni mniulize." Neno lenyewe halimo humo. Ili kulisikia unahitaji mashine yenye programu ya kuingia kwenye kompyuta ya giaboksi yenyewe. Huko utakuta maelezo zaidi: kwa mfano P0562, umeme wa gari uko chini; P0810, klachi haikai pale ilipoamriwa; au P0944, presha ya oili ya mikono imepotea. Na kompyuta ya giaboksi isiposikika kabisa, ni wenzake watakaoandika U0101. Watengenezaji wengine wana namba zao wenyewe, lakini maana huwa mlemle. Pamoja na kodi, kompyuta nyingi huhifadhi picha ya dakika ile: mwendo ulikuwa gani, injini ilikuwa na joto gani, wakati mwingine hata volti zilikuwa ngapi. Huyo ndiye shahidi wa nne, na fundi wako amemfukuza mahakamani mara nne kwa shilingi 6,000 zako.

Wewe unatoka kwenye watu wa vyombo, utanielewa. Kufuta kodi ni kufua ngama, kutoa maji yaliyoingia chomboni. Maji yanatoka, chombo kinaelea, unasafiri. Lakini kama hukutia kalafati kuziba nyufa, kesho utafua tena. Kufua si kosa, maana usipofua utazama. Kosa ni kulipwa pesa ya kalafati kwa kazi ya kufua.

Sasa habari ya njaa. Hapa Malindi Waitaliano hatujawakosa, na mmoja wao, mzee aliyekuwa akiniletea gari lake, alinipa hadithi ambayo niliidhani ni porojo za mezani hadi nilipoisoma mwenyewe. Mwaka 1989 Ferrari walipeleka kwenye mashindano ya Formula 1 gari lao la 640, la kwanza huko kubadilisha gia kwa vibawa nyuma ya usukani, oili na umeme vikifanya kazi ya mkono. Kwenye majaribio lilikuwa likifa kila mara, na lawama zote zikaenda kwa giaboksi. Mbio za kwanza za msimu zilikuwa Brazili, mwezi Machi, na dereva wao Nigel Mansell alikuwa amekata tamaa hata akaweka tiketi ya ndege ya mapema arudi kwao. Akashinda. Na ugonjwa ulipochunguzwa, giaboksi haikuwa na kosa kubwa: umeme uliokuwa ukiifikia haukutosha. Kama mabingwa wa dunia wenye kompyuta zao waliidhania vibaya giaboksi yenye njaa, mimi na fundi wako wa pili tusione haya sana.

Anza na betri, na ipime alfajiri kabla hujawasha kitu chochote. Mita ya umeme ya bei ndogo inatosha. Betri iliyoshiba ikiwa imelala usiku kucha husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imeshapoteza nusu ya chakula chake. Ikisoma 12 imekaribia kwisha, hata kama bado inawasha injini. Halafu mwambie tandiboi atazame mita wakati unapiga stata. Ikishuka chini ya 10, betri imechoka. Injini ikishawaka, washa taa kubwa, feni na waipa, upime tena: nataka kuona kati ya 13.5 na 14.5. Magari haya ya Kijapani ya karibuni yana tabia ya kuipumzisha alteneta, unaweza kuona 12.8 kwa muda, usiogope. Lakini ukishawasha taa na feni lazima ipande. Isipopanda, tatizo lako la kwanza umeshalipata na hujafungua hata nati moja. Kitu kingine, kama gari lako lina mfumo wa kujizimia lenyewe kwenye foleni, betri yake si ile ya kawaida ya dukani. Ukiweka ya kawaida itakufa mapema, na kabla ya kufa itakusumbua hivi hivi.

Lakini mimi nadhani betri yako itasoma vizuri. Ninakoshuku ni chini.

Nilikwambia nimepita hapo. Alikuwa mama mmoja wa Mambrui, mfanyabiashara wa samaki kama wewe, kigari cha aina hiyohiyo. Kodi inafutwa, inarudi. Nikafuta mara mbili, ya tatu nikamwambia mama giaboksi basi, na kwa ujeuri nikaisema kama daktari. Akauza mbuzi, sijui wangapi, tukaleta giaboksi ya mtumba, tukaifunga. Siku ya tisa akapiga simu. Hakugombana. Alisema tu, "Fundi, yule mgeni naye ameanza tabia za mwenyeji."

Ndipo nikalala chini ya gari kwa adabu, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Vigari hivi injini iko chini ya viti vya mbele, giaboksi inafuata nyuma yake, na juu ya giaboksi ni sakafu ya mzigo. Sakafu ile ina matundu yenye vizibo vya mpira vya kutolea maji. Vizibo viwili havikuwepo. Nikaona mstari mweupe umetiririka kutoka kwenye tundu, ukafuata bomba la waya, ukaishia kwenye plagi ya pampu ya giaboksi, kama njia ya siafu ukutani. Maji ya barafu ya samaki. Nikaivuta ile plagi; haikutaka kutoka, ikalia kama mlango wa zamani. Ndani, pini mbili kati ya zile nene zilikuwa zimevaa unga wa kijani, na katikati yao, bikira kabisa, linang'aa, gamba la samaki. La samaki changu, nadhani. Kando kidogo, waya wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, unaotoka mwilini mwa gari kuja kwenye giaboksi ulikuwa umeshikwa na bolti iliyogeuka kuwa unga wa kutu. Niliigusa kwa kidole, ikamomonyoka.

Giaboksi ya kwanza ilikuwa nzima. Gharama ya ile kazi niliibeba mimi, na niliibeba kwa miezi.

Maji ya samaki si maji tu. Yana chumvi, na chumvi ikiwa na unyevu hupitisha umeme pasipotakiwa, halafu ikila shaba inazuia umeme panapotakiwa. Kwako ni mara mbili, maana unapita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi kila siku, na wakati wa kusi upepo unaileta bila hata barafu. Sensa nyingi za giaboksi hulishwa volti 5 tu. Ethi ikipoteza nusu volti, sensa imedanganya kwa sehemu moja ya kumi, na kwa kompyuta inayopima klachi kwa milimita, sehemu ya kumi ni kama mtu kukwambia gati la Ngomeni liko Gongoni. Inaona klachi haipo ilipoiamuru, inaogopa kuvunja kitu, inaweka nyutro, inawasha taa. Kwa kweli inakulinda. Alfajiri taa na feni zinavuta umeme, barabara inatikisa plagi, masanduku yanadondosha. Unazima, pampu inapumzika, kompyuta inaanza upya na kujipima, inakuta mambo ni mazuri, unaondoka. Barua yako tupu hiyo.

Kupima ethi ni hivi. Injini ikiwa inawaka, taa na feni vimewashwa, weka waya mweusi wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye kifungio. Waya mwekundu uguse chuma kitupu cha giaboksi, penye weupe, si kwenye rangi wala tope. Mita isome chini ya volti 0.2. Ikisoma 0.5, au ikicheza juu na chini gari likitikiswa, ethi ni mbovu, hakuna haja ya kubishana.

Kuna na jaribio la mafundi wa zamani ninalolipenda kuliko mashine zote. Chukua waya mnene, kama ule wa kuwashia gari lenye betri mfu, fungia vizuri kwa bolti upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande wa pili kwenye mwili wa giaboksi, uufunge mbali na bomba la moshi na shafti inayozunguka. Endesha wiki nzima na samaki wako. Ugonjwa usiporudi, umepona kwa bei ya waya.

Kusafisha plagi kunataka subira kidogo. Toa waya wa hasi wa betri kwanza, ungoje dakika chache. Vuta plagi kwa kubonyeza kifungio chake, usivute waya. Kama kuna chumvi, isuuze kwa maji baridi safi, maana dawa ya mkebe peke yake haiyeyushi chumvi vizuri, ikauke kabisa kivulini au kwa upepo wa pampu, ndipo upulizie dawa ya kusafishia umeme. Mswaki mlaini unatosha. Msasa kwenye pini nyembamba utaondoa ngozi ya kinga na utakuwa umeikaribisha kutu rasmi. Pini iliyoliwa nusu haisafishwi, inabadilishwa. Kisha grisi ya umeme kidogo kwenye mpira wa plagi, siyo kujaza ndani kama siagi ya mkate. Plagi za rangi ya manjano ukiziona huko chini ya viti ziache kabisa, hizo ni za eabegi. Na hao vijana wa kuosha gari kwa pampu ya presha, waambie wasielekeze chini ya sakafu. Naona magari mengi yakiugua Jumamosi jioni baada ya kuoshwa vizuri.

Yote hayo yakiwa sawa na bado inakataa, tunasogea kwenye mikono yenyewe.

Kaa ndani ya gari pahali palipo kimya, madirisha yamefungwa, nyutro, handbreki juu. Washa swichi bila kuwasha injini. Utasikia pampu ikiguna, mmmm, sekunde chache, inanyamaza. Usiguse gia. Ikibaki kimya, vizuri. Ikiguna tena baada ya sekunde chache, na tena, na tena, presha inavuja mahali, au kile kichupa cha chuma kinachohifadhi presha, chenye gesi upande mmoja na oili upande wa pili, kimepoteza gesi yake. Pampu inayoguna bila kupumzika inachoma rilei yake, ile swichi ya umeme inayoiwasha, na rilei iliyoungua ndani inatoa umeme leo inakataa kesho. Nimeshaona watu wakiuziwa pampu nzima kumbe ni rilei ya kuchomoa kwa vidole. Isiposikika kabisa, anza na fyuzi. Mirija ya mfumo huu usiifungue mwenyewe. Presha iliyomo ni zaidi ya mara kumi ya tairi lako, oili ile inaweza kuingia kwenye ngozi.

Tazama pia chupa ya oili ya pampu hiyo. Ni oili yake peke yake, si ya giaboksi. Gari la aina hii lina oili mbili tofauti, na kitabu cha gari kimeandika kila moja jina lake. Kama kitabu ni cha Kijapani, simu yako inasoma Kijapani kuliko fundi yeyote wa Malindi. Piga picha ukurasa.

Swichi ya breki nayo usiisahau. Gari lako haliwashi wala haliingii gia mpaka kompyuta ione umekanyaga breki, na swichi ile iliyo juu ya pedali ina njia mbili za umeme zinazopaswa kukubaliana. Mwambie mtu asimame nyuma, ukanyage polepole mara ishirini. Taa ikikosa hata mara moja, badilisha swichi.

Klachi inachakaa, hiyo haina mjadala. Kuijua, weka M, ya kuchagua gia mwenyewe, gia ya tatu au ya nne, mwendo kama wa 40, barabara tupu, ukanyage mafuta kwa nguvu. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Harufu kama ya kamba iliyoungua baada ya foleni ya Mtwapa ni dalili nyingine, kwani watu wanalishikilia gari mlimani au kwenye foleni kwa mafuta badala ya breki, na hapo sahani inasuguana tu. Ikibidi kubadilisha, badilisha sahani, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, na flaiwili itazamwe. Halafu, na hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, kompyuta lazima ifundishwe upya kwa mashine klachi mpya inashikia wapi. Fundi asiye na mashine hiyo anaweza kuifunga klachi kwa ustadi wa ajabu na gari bado likaruka kama mbuzi. Muulize kabla hajashika spana: "Utaifundisha kwa mashine gani?" Baadhi ya magari yanataka somo hilohilo hata betri ikitolewa tu.

Mwili wenyewe nitaushuku lini? Gia moja, ileile, ikikataa kila siku na nyingine zote zikikubali. Au mlio unaobadilika na mwendo. Au ukimwaga oili ya giaboksi ukakuta vipande vya chuma vya kushikika. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande si kawaida. Hapo zungumzia giaboksi ya mtumba, na hata hapo kumbuka utaifunga kwenye ethi ileile na plagi zilezile.

Mpaka utakapotengeneza, likikukatalia njiani usipige stata mara kumi kwa hasira, unaimaliza betri unayoidai nguvu. Toka barabarani, hasa usingoje kwenye daraja la Sabaki, washa taa za tahadhari, nyutro, handbreki, zima, ngoja. Kabla hujazima, piga picha dashibodi kwa simu. Andika kwenye daftari saa, barabara ilikuwa nzuri au mbovu, taa zilikuwa zimewaka, masanduku mangapi, kulikuwa na mvua. Na ujue, ukiliegesha likiwa kwenye D kisha betri ikafa usiku, shida ipo. Litakaa na gia ndani, halisukumiki hata mje kijiji kizima, mpaka liazimwe umeme.

Leo jioni fanya mawili. Inua mkeka wa nyuma uhesabu vizibo vya sakafu, vilivyopotea utafute au ukate mpira wa ndara uzibe kwa muda. Kisha weka masanduku ya samaki juu ya turubai lililokunjwa kingo, maji yakae humo umwage ukifika. Kesho alfajiri niandikie namba mbili: volti za betri kabla hujawasha chochote, na volti za ethi taa na feni vikiwa vimewaka. Nikizipata nitajua tukutane chini ya gari au juu ya klachi.